Kiingereza cha Eliya kwenye Msalaba Wako

Tluway, ndugu yangu,

Wamekuandikia Kiingereza. Hapo Endamarariek, pembeni ya shamba la maharage la mama yako, msalaba una jina lako, halafu "passed away", halafu tarehe. Ni kazi ya Eliya, mtoto wa dada yako, aliyerudi kutoka Dar na viatu vyenye ncha. Eti "alifariki" ni neno la kishamba.

Unanijua. Niliishia darasa la sita, na shule ndiyo iliyopata hasara. Nimewapikia Wazungu kambini mpaka naota kwa Kiingereza, tena bila makosa. Basi Eliya asinifundishe. Passed away ni kufa. Husemwa kwa mtu. Nyati hapati heshima hiyo, nyati anakufa tu. Mzungu akilitamka hakutazami, anatazama dirishani. Anayesikia anajibu "I'm sorry", kana kwamba ndiye aliyemuua. Mazungumzo yameisha, sasa anauliza simba wako wapi.

Wewe tu ndiye niliyekuona unakataa kuishia hapo. Unamkumbuka yule mama mgeni wa kofia ya njano? Tunapanda na gari lako kutoka bonde la kreta, akasema mume wake passed away. Eliya, tuliyempa lifti siku ile, akatoa sorry yake akarudi kwenye simu. Wewe ulisimamisha gari, ukazima injini. "Pole mama. Alikuwa anaitwa nani?" Akakutajia jina, akalia. Madereva wa nyuma wakapiga honi, nikashuka kuwatukana kwa lugha tatu. Alipotulia akaomba chai.

Gari lako sasa wamempa kijana wa chuo. Analiendesha kama amepakia mayai, na wageni anawaelezea faru kama anasoma taarifa ya habari. Sikai naye mbele. Nakaa nyuma na masufuria.

Lakini nakuandikia kwa ajili ya mama yako. Kila jioni watoto wakitoka shule anamwita mmoja amsomee msalaba, maana yeye na herufi hawajawahi kusalimiana. Juzi nilimkuta hapo. Akanishika mkono.

"Mwanangu, jina wanalisoma vizuri, halafu wananyamaza. Wengine wanakimbia. Tluway alifanya nini kibaya ambacho hawataki kuniambia?"

Tluway, nilikosa utani. Mimi.

Nilimweleza kwamba ni Kiingereza kinachowashinda watoto, akaitikia tu kwa kichwa. Sidhani aliniamini, ananijua mdomo wangu. Nikamfuata Eliya. Akanijibu, "Anko, hayo ni mambo ya elimu." Elimu gani hiyo ya kumnyima bibi yako usingizi? Nimeona nyani wa geti la hifadhi wenye adabu kuliko yeye, na wale huiba ndizi mchana kweupe.

Jumamosi nakuja na rangi. Nitafuta Kiingereza chote niandike "alifariki", kwa herufi kubwa, na kopo atashika Eliya, na viatu vyake hivyohivyo. Sitaondoka hapo mpaka mtoto mmoja amsomee mama yako kuanzia jina mpaka mwisho, kwa sauti, bila kunyamaza katikati.

Lala, kaka. Mama yako nipo naye.