Falonne na Stashahada ya Kompyuta: Kikao cha Dharura cha Chama cha Kusaidiana, Bellevue

TAREHE: Jumapili, 18 Januari 2026
MAHALI: Saluni ya Falonne, Bellevue, Johannesburg
KUANZA: Saa 8:00 mchana kwenye barua ya mwaliko, saa 8:50 kwenye saa ya ukutani

WALIOHUDHURIA: Bi Kidawa (Mwenyekiti), Papa Firmin, fundi cherehani (Mweka Hazina), Hénock, Falonne, Suhaib (Katibu), na wanachama wengine tisa.
HAWAKUHUDHURIA: Pitchou, bila taarifa. Alionekana Bertrams akielekea uwanjani na jezi mpya.

KUMB. NA. 1/26: KUFUNGUA
Mwenyekiti aliwashukuru waliowahi. Hakuwataja, kwa kuwa hawakuwepo.

KUMB. NA. 2/26: OMBI LA MKOPO WA MASOMO
Katibu alisoma ombi la Falonne, msusi. Amepata nafasi ya stashahada ya kompyuta, miaka mitatu, katika chuo cha serikali. Ada ya mwaka wa kwanza ni randi 14,500. Anazo 6,000, anaomba kukopeshwa 8,500. Usajili unafungwa Ijumaa, na asipolipa nafasi anapewa mwingine. Mwaka juzi aliipoteza hivyo hivyo.

Kwa mujibu wa kanuni ya sita, mwombaji hutoka nje akijadiliwa. Ilibidi Falonne aombwe kutoka kwenye saluni yake mwenyewe. Alitoka, akakaa kwenye ngazi karibu na dirisha, ambalo halina kioo.

KUMB. NA. 3/26: GHARAMA NA FAIDA
Mweka Hazina alieleza kwamba hana kinyongo na mtu. Kisha alizungumza dakika ishirini na tano. Alisema ada si gharama yote: siku nne kwa wiki Falonne atakuwa darasani na hatasuka mtu, na wateja hawasubiri. Tena vyeti vimejaa mjini. Alimtolea mfano mpwa wake Hénock, mwenye diploma ya umeme, ambaye ni mlinzi Randburg. "Tulimuchangia, tukapiga vigelegele. Leo anafungulia watu mulango."

Mwenyekiti alimkumbusha Mweka Hazina kwamba mpwa wake yupo kikaoni. Mweka Hazina alijibu kwamba anamwona.

Hénock aliomba nafasi. Alikiri kwamba mjomba hakusema uongo, na kwamba waajiri wengi huuliza kibali cha kuishi nchini kabla ya cheti. Aliendelea: "Lakini ule mulango ni wa kampuni ya ordinateri, hizi kompyuta. Miaka mbili naona wenye wanaingia. Hakuna hata mumoja mwenye anamupita Falonne akili. Miye nilikosa kazi, sikukosa masomo. Musimufungie mulango juu ya mambo yangu." Katibu aliguswa, na haoni aibu kuliandika.

Mwenyekiti alipendekeza mkopo utolewe kwa sharti kwamba Falonne aendelee kuwajazia wanachama fomu za vibali mtandaoni kila Jumamosi, bure, kama kawaida. Wajumbe wote waliunga mkono upesi, hata waliokuwa wamesinzia.

Falonne, ambaye kikanuni hakuwa anasikia, alijibu kupitia dirishani: "Hapana, Maman Kidawa. Feza nitarudisha yote. Jumamosi nitakuwa nasoma."

Mweka Hazina aliuliza nani sasa atajaza fomu. Falonne alijibu kwamba duka la intaneti la mtaani hujaza, kwa randi 150 kila moja. Mwaka jana yeye alijaza sabini na nne.

Mweka Hazina alitoa kikokotoo, akakitazama, akakifuta, akapiga tena. Kilisema 11,100 mara zote mbili. Nyumba yake peke yake ina fomu nane. Alitamka "eish" na kuomba maji.

Bi Kidawa alisema, kwa sauti ambayo si ya mwenyekiti: "Jamani, mtoto wa watu tumemla mwaka mzima na hata asante hatukumpa. Mwanangu, ingia ndani, kwako hapa."

AZIMIO: Mkopo wa randi 8,500 umekubaliwa bila sharti. Kura za ndiyo kumi na mbili, hapana hakuna. Mweka Hazina alikuwa bado anakunywa maji.

KUMB. NA. 4/26: MALIPO
Ada ililipwa kwa simu palepale. Ujumbe wa chuo ulipoingia Falonne alilia, kisha akampigia mama yake aliye Uvira na kuweka sauti kubwa ili wote wasikie.

Mwenyekiti alifunga kikao saa 10:40 jioni, simu ikiwa bado hewani.

Mama alimshukuru Mungu, akawashukuru wanachama, akauliza binti yake ataenda kusoma nini. "Ordinateri, mama," alijibu Falonne. Mama akauliza kama ordinateri yenyewe anayo.

Falonne alijibu kwamba hana. Fomu zote sabini na nne alikuwa amezijaza kwenye simu. Kikao kizima wajumbe walikuwa wamepima gharama, na hakuna aliyefikiria hilo.

Mweka Hazina, aliyekuwa amefika mlangoni, alirudi, akaketi, akafungua mkoba wa fedha za chama.

Kikao kilifunguliwa upya saa 10:46.

Bi Kidawa, Mwenyekiti: ....................
Suhaib, Katibu: ....................