Nilimwambia Baba Mkwe Nimefunga Minyororo Mwenyewe

Mpendwa Mama Kinue, shikamoo, naomba unisaidie na unisaidie haraka, maana Jumapili inakuja na mimi usingizi umenipaa, chakula hakipiti, na mchumba wangu Mizuho akipiga simu najifanya niko bafuni. Mimi ni kijana wa miaka thelathini na moja, naishi Saitama, ambako theluji ikianguka vidole viwili tu treni zinasimama, na nina gari ninalolipenda sana, nimelishusha chini, nimelitia rimu kubwa na matairi yale ya ubavu mfupi, ukilitazama unadhani rimu zimepakwa mpira tu, na watu wakiliona wanageuka. Mizuho ni mzaliwa wa huko kwenu bondeni, na baba yake, Mzee Onozuka, ameendesha katapila la kuondoa theluji miaka thelathini na minane mpaka akastaafu, na siku moja nilimsikia kwa masikio yangu akimwambia binti yake kwenye simu, "Huyo wa mjini hata mnyororo wa tairi wa kupandia theluji hajui kufunga, nimkabidhi mtoto wangu kwa lipi?"

Basi tarehe thelathini Desemba nikapanda kuja kuposa, peke yangu, Mizuho alikuwa ametangulia kwa treni, na kwenye buti nilikuwa na minyororo ya chuma ambayo boksi lake sijawahi kulifungua, tena niliinunua kabla sijabadilisha matairi. Kabla ya kupanda mlima askari wakatusimamisha, bila minyororo hupiti, nikapiga magoti kwenye theluji saa nzima, nikiivuta huku inachomoka kule, na nafasi iliyopo kati ya tairi na madigadi hata kidole hakipiti, mpaka madereva wa malori wakaanza kunipigia makofi. Ndipo nikageuza mpaka kituo cha mafuta cha pale chini, akatoka bibi kizee mmoja mwenye koti la mvua la njano, ana mdomo huyo, akaniambia, "Wewe, chuma hiki kitakuja kung'oa mpira wa breki, weka kando," akaleta soksi za tairi, zile za kitambaa, akayavisha magurudumu ya nyuma, dakika kumi kamaliza, mimi nimemshikia mwavuli tu. Akauliza naenda kwa nani, nikamwambia kwa Mzee Onozuka, akasema "Ahaa," akaingia zake ndani, na askari walipoziona soksi wakaniruhusu kupita.

Sasa kosa langu ni hili, Mama, kwamba nilipoushuka mlima nikafika darajani, pale mabomba ya barabarani yanaporusha maji ya kuyeyusha theluji isishike, nikazivua zile soksi nikazificha chini ya kiti, kwa sababu niliona aibu mwanamume mzima kufika ukweni na gari lililovaa soksi, nikaitandaza ile minyororo juu juu kwenye buti ionekane. Mzee akatoka na koleo lake la theluji mkononi, akauliza, "Umepandaje?" nikasema, "Nimefunga minyororo, baba." "Mwenyewe?" "Mwenyewe kabisa." "Magurudumu gani?" "Ya mbele, baba, si ndiyo yenye usukani?" Akasema "Mh," akalizunguka gari, akachutama, akajaribu kupitisha kidole juu ya tairi, akazitazama glavu zangu, nyeupe pee, kisha akacheka, Mizuho anasema hajamsikia akicheka hivyo tangu mama yake afariki, akanimiminia sake, pombe ya mchele, kwa mkono wake mwenyewe, yaani alinipenda!

Shida ikaanza tarehe mbili. Mzee amekitangazia chama cha mtaa kwamba kwenye mazoezi ya usalama wa theluji ya Jumapili, saa nne asubuhi, mimi ndiye nitakayefundisha kufunga minyororo, kwa gari langu, mbele ya watu arobaini, na nikimaliza atatoa jibu lake kuhusu Mizuho hapo hapo. Nimewaza kusema nina mafua, au nije kwa treni niseme gari limekufa, au nifunge mkono bandeji. Mama, nifanye nini? Nampenda Mizuho kuliko hata gari.

Ni mimi, Mkwe Mtarajiwa, Saitama

*

Mkwe Mtarajiwa, marahaba.

Barua yako itatoka gazetini wiki ijayo, wakati huo umeshapokelewa au umeshafukuzwa. Jibu nakutumia leo kwa simu kwa sababu Jumapili haisubiri ratiba ya mhariri.

"Kuliko hata gari"! Jamani, msichana wa watu ana bahati. Usiandike sentensi hiyo kwenye kadi ya harusi.

Nimecheka mpaka chai imenipalia, halafu nikakasirika, na nitakuambia vyote viwili. Kwanza kicheko. Wewe unadhani umemdanganya Mzee Onozuka? Gari lako, kwa ulivyosimulia, linasukumwa na magurudumu ya nyuma, ndiyo maana soksi zilivishwa nyuma. Ukifunga minyororo mbele, nyuma inazunguka bure kwenye barafu na hupandi hata ngazi ya choo. Mtu aliyesukuma theluji miaka thelathini na minane akusikie unasema "ya mbele, baba," kisha apitishe kidole kwenye nafasi isiyopitisha kidole, kisha aone glavu za bwana harusi, halafu asijue? Baba wa watu hakukupenda, mwanangu. Alikuwa anajizuia asianguke chini kwa kicheko! Anajua tangu dakika ile. Hiyo Jumapili amekuwekea wewe, aone utasimama au utakimbia.

Sasa hasira. Katika mafua yako na bandeji yako, umewafikiria hao watu arobaini hata kidogo? Yuko mama mmoja huko, Hatsue, ana miaka sabini na minne, mara tatu kila wiki anavuka mlima kwenda kusafishwa damu hospitali. Huyo atakuja na daftari. Ukimwambia "ya mbele" ataandika ya mbele. Ukimwonyesha chuma kilicholazimishwa kwenye tairi la ubavu mfupi, atakwenda kulazimisha na yeye, mpira wa breki utakatika kwenye kona, na hapo wewe utakuwa Saitama unang'arisha rimu. Uongo wa kuposea niliusamehe nilipokuwa nacheka. Huo wa daftari sikusamehe.

Kwa hiyo sikiliza. Leo hii fungua kile kitabu cha gari ambacho najua hujakisoma, utafute ukurasa wa minyororo. Kwa matairi uliyotia wewe, uwezekano ni mkubwa kimeandika kabisa kwamba chuma marufuku. Soma namba zilizoandikwa ubavuni mwa tairi, uzilinganishe na zile za kwenye boksi lako, uone ulivyokuwa unamvalisha mtu mzima nguo ya mtoto. Kesho vaa glavu zako, nenda uwanjani pakavu, uvishe na kuvua zile soksi mara ishirini. Unavisha nusu ya juu, unasogeza gari kidogo, unavisha iliyobaki. Unaendesha mita mia, unashuka, unakagua. Mwendo wa pole, na ukifika lami kavu unavua, hazikuumbwa kwa lami. Glavu zikiwa nyeusi, ndio umejifunza.

Jumapili njoo na gari, si na treni. Simama mbele ya watu wote, useme hivi: "Nilidanganya. Sikufunga minyororo, nilivishiwa soksi." Usiongeze "lakini". Kisha itupe ile minyororo chini, wote waone jinsi isivyofika, maana hilo nalo ni somo na hakuna wa kulifundisha vizuri kuliko wewe. Kisha piga magoti uvishe soksi, nyuma, kwa mkono wako. Ukikosea, mwombe Mzee akuonyeshe. Atakutukana. Mwache amalize. Watu watacheka, na wewe kula supu ya nguruwe watakayogawa bakuli mbili huku wanacheka. Majira ya baridi yajayo tafuta rimu ndogo na matairi ya theluji yenye ubavu wa kutosha, gari liwe na sura ya sanduku, shauri yake.

Akikukatalia binti baada ya hapo, niandikie tena, tutalia wote. Sidhani kama atakukatalia. Mimi Onozuka namfahamu tangu tukiwa shule, na tangu tarehe thelathini Desemba anavuka mlima kuja hapa kila asubuhi kutaka nimwambie nani alimvalisha kijana wa mjini soksi. Namjibu wateja ni wengi, sikumbuki. Sikumwambia kwa sababu nilitaka umwambie wewe.

Safu hii naiandikia ofisini, kituo cha mafuta cha pale chini ya mlima, foleni ikipungua. Koti langu la njano linakauka hapa juu ya hita. Na nina miaka hamsini na tisa, bwana mdogo. Kizee ni huyo baba yako mkwe.