Mashine Yenye Jina la Mama

Mpendwa kaka,

Sitaandika jina lako hapa, kwa sababu barua hii itasomwa na wengine, na kwa sababu jina ndilo lililotuletea shida.

Unakumbuka siku ulipoileta ile mashine ndogo kutoka Nyeri mjini? Uliiweka juu ya kabati la vyombo, ukaiunganisha na umeme na intaneti. Nilikuwa kidato cha pili. Ulinieleza kwamba inaitwa nodi: inaweka nakala ya malipo yote ya bitcoin, zile sarafu za mtandaoni, duniani kote, inayakagua, kisha inayapitisha kwa nodi nyingine. Mami alikuwa anakatakata sukuma wiki.

"Ati inatengeneza pesa?"

"Hapana, Mami. Inaangalia tu za watu."

"Sasa unalisha ng'ombe ya jirani na stima yangu?"

Ulicheka mpaka ukaketi sakafuni.

Ulipoenda Doha kazini, ulituachia agizo moja: isizimwe. Ulikuwa unaiona kutoka huko kwa simu yako. Stima ikipotea huku kwetu Wamagana, ulipiga simu. "Mami, mashine imelala." Yeye alikuuliza kama umekula. Polepole, hizo zikawa ndizo siku pekee unazopiga.

Mwezi uliopita wanaume wawili tusiowajua walisimama langoni. Walitaja jina la Mami lote, mpaka la babake. Wakauliza bitcoin zake ziko wapi.

"Hapa tuko na ng'ombe na majani chai," Mami akasema. "Mnataka gani?"

Hawakucheka. Waliitazama nyumba, wakamtazama mbwa, wakaondoka polepole.

Nilitafuta kwenye simu. Kuna tovuti zinazoorodhesha nodi za dunia nzima, na yetu ilikuwamo, pamoja na anwani yake ya intaneti na maneno uliyoyaandika mwenyewe: jina la Mami, kisha Wamagana. Nilielewa mara moja. Ndivyo ulivyouandika jina lake mtungi wetu wa maziwa kwa rangi nyekundu, usipotee kwenye kituo cha maziwa. Kwetu kila kitu huandikwa jina la mwenye boma. Lakini mtungi husomwa na majirani tu.

Unajua nilivyo na haya. Hata hivyo, baada ya ibada nilimfuata mama mmoja wa kanisani ambaye ni wakili, nikamuuliza, huku nikiangalia viatu vyangu, kama mashine inaweza kumletea Mami shida na sheria. Alisema sheria mpya inawalenga wanaofanya biashara ya sarafu hizo au kuwatunzia watu, na mashine inayonakili tu hakuiona ikitajwa waziwazi. Kisha akauliza, "Lakini polisi wakifuata malipo ya mwizi yaliyopitishwa na mashine yenu, wakaangukia hiyo anwani, laini ya intaneti ni ya nani?"

"Ya Mami."

"Basi huyo ndiye ataanza kueleza."

Mami hawezi kueleza nodi, kaka. Hata mimi naieleza vibaya. Nilikuandikia unipe neno la siri nilifute jina. Ujumbe ulisomwa, haukujibiwa. Na hata jina likifutwa, laini inabaki kuwa yake.

Nilipomwambia Mami kwamba nitaizima, alikuwa anakunja nguo. Nilidhani atafurahi, kwa sababu ya stima. Aliendelea kukunja.

"Ukizima, ndugu yako atajua aje tuko?"

Sikujua kwamba miaka hii yote alikuwa anaipangusa vumbi kwa sababu hiyo. Lakini wale wanaume wanajua lango letu, na wewe uko mbali.

Leo asubuhi nimeichomoa. Mami amechaji simu, ameitia mfukoni mwa aproni, na ameenda nayo kukamua.

Najua utaona kwamba imezimika. Sikuombi ukubali. Nakuomba ukipiga umuulize kwanza amelalaje, na usiitaje mashine mpaka akumalizie habari zake zote. Nina hakika atakuwa nazo nyingi.

Kaa salama huko uliko.

Dada yako mdogo