Sikumlilia Baba Mkwe

Kabambare, Jumapili

Mama yangu,

Nakuamkia kwa magoti yote mawili, kana kwamba nimeingia mlangoni sasa hivi na wewe uko jikoni. Mguu wako unaendeleaje? Mpunga mmeuvuna kabla ndege hawajaumaliza? Kuhusu mimi ningesema ni mzima, lakini ningekudanganya. Barua hii nimeiandika mwenyewe kwa herufi za Kiarabu nilizofundishwa chuoni, ili akusomee shangazi Zaina, si karani yeyote.

Mama, lile taya limenishinda. Zamani ulikuwa ukilisikia likilia ko! nikitafuna mahindi ya kuchoma, ukacheka, nami nikacheka. Sasa sicheki. Hapa mbele ya sikio la kulia pana maumivu yasiyolala. Sikio linavuma, kichwa kinagonga, shingo imekakamaa hata kubeba mtungi ni kazi. Kuna asubuhi kinywa kinakataa kabisa, hakipitishi hata ncha ya kidole. Nakikanda kwa maji ya moto, nangoja, kinaachia kinapotaka chenyewe. Nilikwenda dispensari. Mganga wa pale akasema ni meno, akaning'oa magego mawili. Niliyaona kwenye kiganja chake, Mama, mazima, hayana hata doa. Maumivu yakabaki palepale. Niliporudi alitaka kung'oa mengine, nikakimbia.

Hapa nyumbani nilificha. Nani anataka mke mgonjwa? Nilikuwa nakunywa uji jikoni kabla wengine hawajala, kisha nasema nimeshiba. Wifi yangu akaanza kunong'ona kwamba nakula peke yangu kama mtu mwenye siri. Mficha maradhi, kilio humuumbua, na mimi kiliniumbua kweli.

Baba mkwe amefariki, Mama, mwezi uliopita. Yule mzee ndiye peke yake aliyegundua. Hakuuliza neno. Alianza tu kuagiza wali upikwe laini kabisa, eti meno yake yamechoka, na meno yake yalikuwa yote kinywani. Nilimpenda sana.

Asubuhi aliyokufa, taya langu lilikuwa limefunga. Wanawake walilia hadi wakasikika kwenye ghala la pamba. Mimi nilikaa kati yao, machozi yananitiririka, sauti inatokea puani tu, kama ya ndama. Bukari ya matanga, ule ugali wa huku, ilipoletwa, tonge lilinikaukia mkononi. Mama mkwe akanitazama mbele ya wote.

"Mwamini, ule alikuwa baba yako. Mbona haulie?"

Wifi akanijibia. "Atalia namna gani? Mutu mwenye amekula mwenzake, kinywa yake imejaa."

Basi. Tangu siku ile mimi ni mlozi, mchawi aliyemla mkwewe. Ulikuwa ukiniambia mdomo wangu utaniponza, kumbe kilichoniponza ni kunyamaza; na sasa nikitaja taya, nani ataamini? Mtoni wananiachia njia nzima. Nikipita, watoto wanaitwa ndani.

Mume wangu Salumu alinitetea juma la kwanza, akagombana hata na dada yake. Nilisema, mradi yeye yupo, nitavumilia. Ijumaa iliyofuata nilimwandalia wali. Akaisukuma sahani upande wangu.

"Onja kwanza."

Nikamwambia kwa meno yaliyobanana, "Salumu, ni mimi."

"Najua ni weye. Onja tu, tumalize hii maneno."

Nilichota wali, nikaupeleka mdomoni. Kinywa kikakataa. Nilisukuma kwa vidole mpaka punje zikaanguka mapajani. Akainuka, akaenda kula kwa mama yake. Tangu hapo anakula huko.

Mama, nimechoka. Watu wanasema mlozi mwingine hata hajijui kwamba ni mlozi. Mimi nami nimeanza kujiuliza. Labda kuna kitu ndani yangu, na taya hili ni mlango wake. Sina tena mtu wa kuniambia si kweli.

Siku ya arobaini ya msiba wazee watakaa kunihukumu. Nitoeni kabla ya hapo. Kaka Ramazani aombe ruhusa ya njia kwa bwana wa teritware, yule Mzungu wa serikali, apande lori la pamba.

Shangazi Zaina mpe salamu nyingi, na umwambie asiruke mistari kwa kukuhurumia. Jirani yetu, mama wa mapacha, msalimie, lakini haya usimwambie. Na kaka Ramazani, mkubwa wetu, naye msalimie sana, mwambie aje mikono mitupu. Aseme tu dada yake anaumwa, anichukue. Asilete mbuzi wa kuwaomba radhi wakwe. Akileta mbuzi, nitakuwa nimemuua yule mzee, tena kwa kukiri kwetu wenyewe, na hakuna atakayenisikiliza tena maisha yangu yote.

Lakini namjua kaka, mtu wa amani. Atakuja na mbuzi.

Ni mimi mwanao,
Mwamini