Kundi la Waliobaki

Nyumbani,
Chumba cha nyuma,
Jumapili, tarehe 9 Machi.

Mpendwa Kaka,

Naomba barua hii ikukute mzima, wewe, wifi na watoto. Kifua cha yule mdogo kimepona? Na mgongo wako, bado unakusumbua kwenye baridi? Sisi huku tunasukuma siku. Mwili wangu haujambo. Roho ndiyo haijatulia, na sababu utaiona huko chini, kwa hiyo usiruke aya kama ilivyo kawaida yako.

Kazini bado niko idara ya saikolojia, msaidizi wa Profesa Miwani. Kwenye simu uliniuliza kama tunachunguza vichaa, ukanichekesha. Hapana, Kaka, tunafanya majaribio kwa watu wenye akili zao timamu. Mengine ni ya maabara: mshiriki anakaa kwenye chumba kisicho na dirisha, namsomea maneno, tunaona anayakumbuka vipi penye kelele na penye ukimya. Humo kila kitu tunakishika sisi, tunabadilisha kimoja tu. Mengine ni ya uwandani, sokoni au kwenye foleni ya benki, ambako watu wako kwenye shughuli zao na hawajui wanatazamwa. Mwezi uliopita nilidondosha machungwa makusudi mbele ya duka moja, tuone nani atanisaidia kuokota. Nilirudia mpaka mwenye duka akanihurumia, akanipa mfuko mpya.

Sasa habari za Mama. Nilikwambia anasahausahau. Siku hizi hanijui kabisa. Namwogesha, namlisha, namchana nywele, naye ananiita nesi. Ananishukuru kwa adabu sana, na adabu hiyo ndiyo inayoniumiza.

Nilijipa moyo kwamba tatizo ni koti. Huwa narudi na koti jeupe la maabara na kumhudumia kabla sijalivua. Basi nikafanya kama tufanyavyo kazini. Saa ileile, uji uleule, kiti kilekile, ila nikavua koti na kuvaa gauni la maua alilonishonea mwenyewe. Alinikagua kuanzia kola mpaka pindo.

"Nesi," akasema, "leo umesahau koti lako. Wakubwa wako wasije wakakugombeza."

Nilicheka, Kaka. Kisha nikaenda jikoni nikalia.

Nilimsimulia Profesa Miwani, naye hakunipa pole za haraka. Aliniambia iko aina nyingine ya jaribio ambayo mtafiti hagusi kitu. Maisha yenyewe ndiyo yanayogawa watu: mafuriko yanapita mtaa huu na kuuacha ule, naye anafika baadaye kutazama tofauti. Akasema katika jaribio la namna hiyo hakuna wa kulaumiwa kwa kundi aliloangukia. Nadhani alitaka kunifariji.

Lakini nilirudi nyumbani nikituwaza sisi wawili. Kifungua mimba aliondoka, kitinda mimba akabaki. Hakuna aliyetupanga, ni kazi tu iliyokupeleka huko. Na Mama anakujua wewe. Simu ikilia Jumamosi anakaa wima, anakuita jina lako la utotoni, anauliza kama umekula. Mimi anayeniona kila siku nimefutika. Wanasema fimbo ya mbali haiui nyoka, lakini sauti yako ya mbali inamwamsha Mama. Nakuonea wivu, na sioni haya kukuambia.

Juzi nilikuwa namkata kucha, akanishika mkono.

"Nina binti," akaniambia. "Alikuwa mkia wangu, popote niendapo yupo. Siku hizi haji hata kunijulia hali. Sijui nilimkosea nini."

Nikamwambia binti huyo ni mimi. Alinipapasa kiganja, akasema nina moyo mzuri, ila nisimdanganye mtu mzima.

Kaka, ninachokuomba ni hiki. Ukipiga Jumamosi, achana na kumuuliza habari za mguu wake unaomuuma na dawa zake. Mwambie anayemwogesha ndiye binti yake. Wewe atakuamini. Najua hata jua halitazama kabla hajasahau, na wiki inayofuata itabidi umwambie upya. Mwambie upya. Mengine yote nitayabeba, lakini siwezi kukubali Mama aondoke duniani akidhani nilimtupa.

Mama Mdogo anakusalimu; huja kunipokea nikielemewa. Nisalimie wifi, na watoto uwaambie shangazi yao anawapenda hata kama hawaijui sura yake. Mungu akutangulie utokapo na akurudishe salama.

Mama yuko hapa pembeni, amekuwa akiniangalia nikiandika. Ameniomba nikimaliza barua hii nimwandikie na binti yake, nimwambie arudi tu, hana kinyongo naye.

Mdogo wako akupendaye siku zote,
Kitinda Mimba