Maelezo Yametolewa na Mume

Jumatatu, 14 Julai
Kliniki ya akili. Wagonjwa thelathini na moja, chai nimeinywa imepoa. Mwanaidi wa Makorora kaja tena na mumewe. Mume ndiye msemaji, kama kawaida: halali, analia ovyo, kateleza bafuni. Mpole, ananiita dada. Nimemwongezea Mwanaidi dawa za usingizi. Wanaume wachache husindikiza wake zao. Nilimpenda yule.

Jumatano, 16 Julai
Sina raha. Mkono wa Mwanaidi ulikuwa na alama nne juu ya kiwiko. Bafu halina vidole. Niliziona. Nasingizia foleni, lakini ukweli sikutaka kuuliza.

Ijumaa, 18 Julai
Nimetoa faili lake. Mahudhurio sita. Juu ya kila ukurasa kuna mstari: "Maelezo yametolewa na". Mara sita nimejaza: mume. Mwandiko wangu huu huu ninaojivunia. Hakuna neno hata moja la Mwanaidi. Sisi tunasisitiza mgonjwa aje na ndugu, na ndugu ndiye tunayemsikiliza. Namba ya simu iliyomo ni ya mume. Siwezi kupiga.

Jumanne, 22 Julai
Kalazwa wodi ya majeruhi. Mkono wa kulia umevunjika. Nimemkuta peke yake, mume kaenda kutafuta uji. Nikauliza, hatimaye.
"Dawa zako zanilaza, dada. Akija kunipiga, hata kukimbia siwezi."
Nimetaka ardhi inimeze. Mimi ndiye niliyemlaza.
Alimtaja shangazi yake wa Pangani. Amekubali nimwite afisa ustawi wa jamii. Tumempigia shangazi kabla uji haujafika.

Jumatatu, 18 Agosti
Benchi la wasindikizaji nimelitoa chumbani mwangu, nimelihamishia barazani. Wasindikizaji wote wanasubiri huko kwanza, awe mume, awe mama mzazi. Wamenuna. Wanune.
Mwanaidi kaja na shangazi. Shangazi hakungoja hata kukaa: "Huyu mwanangu hali kitu..." Nikampa shikamoo ya pili, nikamwonyesha benchi.
Mwanaidi aligeuka kuutazama mlango. Sikumsaidia. Kisha akasema, kidogo kidogo. Dawa za usingizi nimeanza kumpunguzia. Kwenye mstari wa juu nimeandika: mwenyewe.
Nikampa kadi yake. Mkono wa kulia bado umefungwa, kaipokea kwa wa kushoto. Akaniomba radhi.