Pini za Mlango wa Meli

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Zuena Abasi
Umri: Miaka 47
Dini: Mwislamu
Kazi: Mshonaji nguo
Makazi: Isevya, Manispaa ya Tabora

Mimi ni mke wa Lukumani Uwesu, fundi mkereza vyuma, mwenye karakana nyuma ya nyumba yetu. Kabla hatujahamia hapa alikuwa akitengeneza meli Dar es Salaam.

Mnamo tarehe 6 Mei 2024 asubuhi alikuja mwanamke aliyejitambulisha kwa jina la Advera, akiwa na dereva. Aliniamkia shikamoo, akaomba kuonana na mume wangu. Alileta mchoro na vipande viwili vinene vya chuma, akitaka vikerezwe viwe pini za bawaba. Wakati wa chakula mume wangu alinieleza kuwa ni vipuri vya meli ya kivita inayoshusha askari ufukweni. Alisema meli hiyo chini ni bapa ili ipande mchangani, na mbele ina mlango mkubwa unaolazwa kama daraja, magari yakapita. Mlango wote unashikiliwa na pini hizo. Alifurahi, maana kazi kama hiyo hakuwa ameipata tangu tuhamie. Meli ni ya nchi gani, hakuambiwa.

Kesho yake alipomaliza kukereza alikuwa ameshajua kuwa chuma ni laini, sicho kilichoandikwa kwenye mchoro. Akampigia Advera simu. Alikuja jioni na dereva wake, akamwambia agonge tu alama ya kiwanda ya kuthibitisha kuwa chuma ni kile cha kwenye mchoro, mengine yasimhusu. Nilikuwa nawapelekea chai, nikasikia.

Mume wangu alisema, "Dada, hizi zikikatika kwenye mawimbi, mlango unang'oka na maji yanaingia. Kuna watu mle ndani."

Advera akajibu taratibu, "Watu hao wewe huwajui."

Chai hakuigusa. Walipoondoka, mume wangu alizikata zile pini vipande vipande. Nilimuuliza kwa nini asiwarudishie tu. Alisema wangempa fundi mwingine azigonge alama.

Tarehe 8 Mei nikiwa sokoni, jirani yetu Mzee Abdulatifu alinipigia kwamba Lukumani amepanda gari la wale wageni, limeshika njia ya Kwihara. Alisema hakumwona mtu akimsukuma, ila mguu mmoja haukuwa na kiatu. Nilikuta karakana iko wazi na mashine inazunguka yenyewe. Sikujua inazimwaje, nikakata umeme wa nyumba nzima.

Leo tarehe 9 Mei mchana amenipigia kwa namba nisiyoijua. Alikuwa anaongea polepole, kama anayechagua maneno. Alisema, "Mama Zamda, wamepata nyingine, zimeshapakiwa. Watafute wenye meli. Waambie wasiufungue ule mlango."

Nikamuuliza yuko wapi. Nikasikia Advera akisema, "Inatosha, fundi." Simu ikakatika.

Meli hiyo sijui ni ya nani wala iko bahari gani. Nimekuja hapa kwa sababu sina mwingine wa kumwambia. Niliyoyasema ndiyo ninayoyajua. Nimesomewa, nikayakubali kuwa ni maneno yangu.

Sahihi ya shahidi: Z. Abasi

Maelezo haya nimeyaandika mimi, Koplo Leodgar, leo tarehe 9 Mei 2024. Nimeipiga namba hiyo mbele ya shahidi. Alipokea mwanamke, akauliza nani amenipa namba yake. Akalitaja jina la shahidi, akakata. Nimemtaarifu mkuu wa kituo. Kwa usalama wake, shahidi hajaruhusiwa kurudi nyumbani.